Mkono wa safu ya tatu

Mwenyekiti alipouliza nani anapinga, mkono wa kwanza kuinuka katika safu ya tatu ulikuwa wa mtu niliyekuwa namtafsiria.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimemwinamia sikioni, nikimnong'oneza kila lililosemwa mbele. Walikuwa sita, wote wazungumzaji wa Kiswahili, wote wamekuja kwa vibali vya msimu, na chama cha wafanyakazi kiliniomba niwasaidie kufuatilia mkutano. Hoja ilikuwa moja. Serikali ilipanga kuongeza idadi ya vibali vya kazi kwa wageni, na viongozi walitaka kujua wanachama wanasimama wapi kabla ya kwenda kuzungumza na wabunge. Nchi sitaitaja, wala mji, kwa sababu watu wale bado wanafanya kazi palepale.

Kabla ya kura alisimama mama mmoja, mzaliwa wa nchi ile, mfanyakazi wa chumba cha kufulia hotelini. Alisema amekunja mashuka kwa miaka kumi na minane, na kila mwajiri anapoletewa watu wapya kutoka nje, zamu zake hupungua. Hakumtukana mtu. Sauti ilikuwa ikimtetemeka. Nilimtafsiria kaka yule wa safu ya tatu huku uso ukiniwaka kwa aibu, maana niliona kama nimetumwa kumpelekea mgeni maneno ya kumfukuza.

Kisha kura ikaitishwa, na kaka akainua mkono.

Mkono wa kupinga.

Nilidhani nimekosea kutafsiri. Nikamwinamia tena: "Kaka, wanaoinua sasa ni wale wasiotaka vibali viongezwe."

Hakugeuka. "Nimeelewa, dada," alisema, na mkono wake ukabaki juu hadi mwenyekiti alipomaliza kuhesabu.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata hadi kituo cha basi.

"Si ulikuja kwa vibali hivihivi?"

"Kwa hivihivi."

"Na mdogo wako? Si ulisema naye anasubiri?"

"Anasubiri. Pasipoti yake iko kwa wakala tangu mwezi wa tatu."

Nilikosa la kusema. Akatoa kadi yake ya kibali, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, palipoandikwa jina la mwajiri pekee anayeruhusiwa kumfanyia kazi. "Hapa pangekuwa na jina langu peke yake," alisema, "ningeinua mikono yote miwili waongezwe hata laki."

Basi likaja, akapanda. Tangu usiku ule mkono wake haujanitoka kichwani, na zimepita wiki nyingi.

Gunia moja

Kwa miaka mingi wapinzani wote wa kuongeza vibali niliwatia kwenye gunia moja. Niliamini kwamba chini ya kila hoja ya mishahara, nyumba na foleni za hospitali kuna kitu kimoja tu, nacho ni kuchukia wageni. Sikulitunga hili. Chuki ipo, nimeisikia kwa masikio yangu, nimeitafsiri katika ofisi na mahakamani, na najua mwanasiasa anapoitafuta anajua pa kuipata.

Lakini mkono wa kaka haukuingia katika gunia lile. Wala sauti ya mama wa mashuka haikuingia, nilipoirudia kichwani bila haraka ya kutafsiri.

Nilianza kuuliza upya. Wanaopinga wanapinga nini hasa? Idadi ya watu, au namna watu wale wanavyoletwa?

Nikarudi kwenye kura za zamani, zile ambazo mtu husoma matokeo yake tu akaendelea na mambo yake.

Kura moja ya Seneti

Mwaka 2007 Seneti ya Marekani ilikuwa inajadili muswada mkubwa wa uhamiaji. Ndani yake mlikuwa na mpango wa kuleta vibarua wa muda kwa wingi, kila mwaka. Seneta Byron Dorgan wa North Dakota, wa chama cha Democratic, alipeleka pendekezo kwamba mpango huo ufe baada ya miaka mitano. Lilipita kwa kura 49 dhidi ya 48. Wiki chache baadaye muswada mzima ukafa.

Nilikuwa nakumbuka kufa kwa muswada, na siku zote niliwahesabia kifo hicho wahafidhina. Kweli wengi wao waliupinga. Lakini pendekezo lile la Dorgan lilitoka upande wa wale wanaojiita watetezi wa wafanyakazi, na shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi la nchi ile halikuutaka mpango wa vibarua wa muda. Hofu yao ilikuwa kwamba litaundwa tabaka la watu wanaofanya kazi nchini bila sauti nchini. Seneta Bernie Sanders naye alikuwa miongoni mwa waliousema vibaya mpango huo kwa sababu hizohizo za mishahara.

Walikuwa na kumbukumbu ya kuwatia hofu. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1964 Marekani na Mexico zilikuwa na mkataba wa vibarua wa mashambani, waliojulikana kama braceros. Mikataba zaidi ya milioni nne iliandikwa. Kibarua aliletwa kwa ajili ya mkulima fulani, akala na kulala pale alipopangiwa, na akilalamika alirudishwa. Katika miaka ya mwanzo asilimia 10 ya ujira wake ilikatwa kama akiba ya kumsubiri nyumbani, na wengi hawakuiona akiba hiyo hadi wanazeeka. César Chávez, mtetezi wa wafanyakazi wa mashambani, ambaye mwenyewe alikuwa Mmarekani wa asili ya Mexico, alipigana dhidi ya mpango ule. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Oxnard, California, aliwapanga wafanyakazi wenyeji waliokuwa wakiachwa nje ya lango la shamba huku vibarua wa mkataba wakiingizwa.

Mwishowe Bunge likaacha mpango ufe, na mwaka 1964 ulipokwisha, takriban nusu milioni ya vibarua wa msimu wakawa hawarudi tena.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa.

Kwa sababu kilichotarajiwa hakikutokea. Wachumi watatu, Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, walizichambua takwimu za mishahara ya mashambani kabla na baada, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: kuwaondoa vibarua wale hakukupandisha ujira wa wenyeji kwa namna inayoonekana. Wakulima walibadilisha mazao, wakanunua mashine. Nyanya za viwandani California, zilizokuwa zikichumwa kwa mikono, ndani ya miaka michache zikawa zinavunwa karibu zote kwa mashine.

Basi wapinzani walishinda kura wakakosa ujira? Nilikaribia kuandika hivyo na kufunga faili.

Ila Septemba 1965, miezi michache tu baada ya mpango kufa, wachumaji zabibu wa Delano, California, waligoma. Walioanza walikuwa Wafilipino, wakiongozwa na Larry Itliong, wakitaka dola 1.40 kwa saa. Siku nane baadaye watu wa Chávez wakaungana nao, na mgomo ule ukaendelea kwa miaka mitano hadi wenye mashamba wakasaini mikataba. Zamani mgomo kama ule ungevunjwa kwa malori ya vibarua wa mkataba. Mwaka 1965 mlango huo ulikuwa umefungwa.

Na waliogoma wenyewe walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji. Tofauti yao na wale wa mkataba ni kwamba waliweza kuondoka shambani kwa mtu wakabaki nchini.

Waliokuja kwa mashua

Kuna mjadala mwingine ambao kila anayeandika kuhusu jambo hili hukutana nao. Mwaka 1980 Wacuba wapatao 125,000 walivuka bahari kutoka bandari ya Mariel hadi Florida katika muda wa miezi michache, na nguvukazi ya Miami ikaongezeka kwa takriban asilimia 7. Mchumi David Card aliandika mwaka 1990 kwamba mishahara na ajira za wenyeji hazikuyumba kwa kiasi cha kuonekana. Miaka mingi baadaye mchumi mwenzake George Borjas akazipanga takwimu upya, akadai wanaume wasiomaliza shule ya sekondari waliumia. Wengine wakamjibu. Ubishi unaendelea, na mimi si mchumi wa kuumaliza.

Jambo lililonigusa ni lingine kabisa. Wacuba wale hawakufungwa kwa mwajiri yeyote. Aliyeona analipwa kidogo Jumatatu aliweza kutafuta kwingine Jumanne. Kwa hiyo hata ikiwa Card ndiye aliyesema kweli, na mimi naelekea kumwamini, habari yake ni ya wageni waliokuwa huru kuhama kazi. Mtu anayeitumia kumwambia mama wa mashuka kwamba hofu yake ni ya bure anazungumza habari za watu wengine kabisa.

Chumba chake cha kufulia hakina mtu wa namna ile. Kina kaka wa safu ya tatu na kadi yake yenye mistari.

Nilimpigia simu nimuulize zaidi. Akaniambia kwamba msimu uliopita walifanya saa za ziada zisizolipwa. Mama yule alikwenda kudai. Wiki iliyofuata zamu zake za usiku akapewa yeye, kaka. Alizikubali, na alijua kwa nini anapewa. Naye alipokuja kuuliza malipo yake, msimamizi alimjibu kwamba ndege za kurudi kwao zipo kila siku.

"Mama yule hakuninunia," aliniambia. "Lakini hanisalimii tena kama zamani."

Karatasi 2,870

Kama ningetakiwa kuchagua siku moja ya upinzani wa kisiasa ambayo ningependa ijulikane zaidi, ningechagua siku za mwisho wa Novemba 2018 huko Tokyo.

Serikali ya Shinzo Abe, waziri mkuu wa Japani wakati ule, ilipeleka bungeni muswada wa kuruhusu wafanyakazi wa kigeni hadi 345,150 katika miaka mitano. Kwa nchi ile lilikuwa jambo kubwa. Vyama vya upinzani vikaupinga kwa nguvu, na ukisoma vichwa vya habari tu utasema ni hadithi ileile ya taifa linalojifungia.

Lakini wapinzani walikuwa wameomba kitu mahususi. Japani ilikuwa na mpango wa tangu mwaka 1993 ulioitwa wa mafunzo ya ufundi, ambao kwa vitendo ulikuwa wa kuleta vibarua, na "mwanafunzi" hakuruhusiwa kuhama kwa mwajiri aliyepangiwa. Maelfu walikuwa wakitoroka kila mwaka. Wizara ya Sheria ilikuwa imewahoji waliokamatwa, na wabunge wa upinzani wakataka kuyaona mahojiano hayo. Walikubaliwa kuyatazama, wakakatazwa kupiga picha wala kutoa nakala.

Basi wakakaa chini, wakanakili kwa mkono.

Karatasi 2,870, moja kwa kila mtu aliyetoroka. Walipomaliza wakajumlisha, na kwa hesabu yao asilimia 67 ya watu wale walikuwa wakilipwa chini ya kima cha chini cha mshahara.

Najaribu kuwaona wakiandika. Mbunge mzima, na wasaidizi wake, wananakili saa za kazi za kijana wa Kivietinamu aliyekimbia kiwanda cha nguo. Huo nao ulikuwa upinzani wa kuongeza idadi ya wahamiaji. Ulisema: kabla hamjaleta wengine laki tatu na ushee, tuambieni mmewafanya nini hawa.

Walishindwa. Muswada ulipita alfajiri ya tarehe 8 Desemba. Ila zile karatasi hazikupotea bure, kwa jinsi ninavyoyasoma mambo yaliyofuata. Mwaka 2024 serikali iliongeza idadi hadi 820,000 kwa miaka mitano, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kuuondoa mpango ule wa mafunzo ifikapo 2027 na kuweka mwingine, ambamo mfanyakazi anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine wa fani ileile baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mwaka mmoja au miwili bado ni muda mrefu kwa anayenyanyaswa. Lakini kamba imelegea, na idadi imepanda. Vimekwenda pamoja.

Watoto wa kabatini

Uswisi ndiyo nchi ninayoirudia zaidi, kwa sababu wapiga kura wake wameulizwa swali hili mara nyingi na majibu yao yamegeuka.

Kwa miongo kadhaa ilikuwa na kibali cha msimu: miezi tisa kazini, kisha urudi kwenu, na familia huruhusiwi kuja nayo. Waitaliano, Wahispania, Wareno na watu wa Yugoslavia ndio waliojenga barabara na mahoteli kwa kibali hicho. Wapo walioshindwa kuachana na watoto wao wakawaingiza kwa siri. Watoto hao waliishi ndani ya vyumba, wakifundishwa kutocheka kwa sauti na kutosogelea dirisha. Waliitwa watoto wa kabatini. Kibali kile kilifutwa mwaka 2002 tu.

Jambo la kuuma ni kwamba kibali hicho kilipendwa na pande zote mbili. Mwajiri alipata mikono. Mpinzani wa wageni alipata uhakika kwamba mikono hiyo itaondoka. Tarehe 7 Juni 1970 wanaume wa Uswisi, maana wanawake walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura ya taifa, waliletewa pendekezo la mbunge James Schwarzenbach la kupunguza wageni kwa kikomo, na asilimia 54 wakalikataa. Lakini wa msimu hawakuguswa hata na pendekezo lenyewe. Hakuna aliyewahesabu kama watu wanaokaa.

Mkataba wa watu kuhamahama kwa uhuru na Umoja wa Ulaya ulipokuja, vyama vya wafanyakazi vya Uswisi vingeweza kuupinga. Vilifanya jambo ambalo nalihusudu: vilisema mlango ufunguliwe, lakini wakaguzi watangulie. Kuanzia Juni 2004 kukawa na hatua za kulinda mishahara, wakaguzi wanaoingia kwenye maeneo ya ujenzi na mahotelini, na kamati za serikali, waajiri na wafanyakazi za kutazama nani analipwa nini.

Sitaki kuipamba. Tarehe 9 Februari 2014 wapiga kura, kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura zisizofika 20,000, walikubali pendekezo la kurudisha vikomo. Zürich na Geneva, zenye wageni wengi, zilikataa. Ticino, jimbo linalopakana na Italia, ambako makumi ya maelfu huvuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, ilikubali kwa asilimia 68. Wapo waliosema watu wa Ticino wamejaa chuki. Mimi siku hizi ninasita. Ndiko ambako mshahara wa mtu anayelala upande wa pili wa mpaka ulionekana kuushusha wa anayelala upande huu, na wakaguzi walionekana hawatoshi. Hofu na sababu vilikuwa vimechanganyika, na sina kisu cha kuvitenganisha.

Bunge lilitekeleza pendekezo lile bila kuweka vikomo vyenyewe. Na mwaka 2020, lilipoletwa jingine la kuuvunja kabisa uhuru wa kuhama, asilimia 61.7 walisema hapana.

Wanaopinga hadharani

Kuna upinzani mwingine ambao sina subira nao.

Giorgia Meloni alishinda uchaguzi wa Italia wa 2022 akizungumzia kuzuia mashua za wahamiaji. Mwaka uliofuata serikali yake ikatangaza vibali 452,000 vya kazi kwa miaka mitatu, na baadaye karibu 500,000 kwa miaka mitatu inayofuata. Waajiri walikuwa wakilia. Maombi hutumwa kwa intaneti siku moja iliyopangwa, na nafasi huisha upesi. Juni 2024 Meloni mwenyewe alikwenda kwa mwendesha mashtaka mkuu wa kupambana na mafia kueleza kwamba maombi mengi, hasa ya mkoa wa Campania, hayafanani kabisa na idadi ya waajiri waliopo, na kwamba magenge yanauza nafasi hizo. Ninamsifu kwa kulisema. Lakini msukumo wa kuwa na kibali kilichofungwa kwa mwajiri ndio uliomfanya mwajiri, wa kweli au wa kubuni, awe bidhaa ya kuuzwa.

Marekani wana njia yao. Sheria ya mwaka 1990 iliweka vibali 66,000 kwa mwaka kwa kazi za msimu zisizo za shambani, na 65,000 kwa wataalamu. Ile ya wataalamu ilipandishwa hadi 195,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaachwa irudi 65,000 mwaka 2004, na baadaye zikaongezwa 20,000 kwa wenye shahada za juu za vyuo vya hukohuko. Ile ya msimu bado ni 66,000 katika vitabu vya sheria. Kila mwaka wabunge humpa waziri wa usalama wa ndani ruhusa ya kuongeza kupitia sheria ya bajeti, naye huongeza. Kwa miaka ya bajeti ya 2023, 2024 na 2025 aliongeza 64,716 kila mwaka, karibu sawa na kuirudufu. Mbunge anarudi jimboni akasema hakupiga kura ya kuongeza idadi. Mwenye hoteli anapata watu. Na kwa kuwa idadi haijadiliwi waziwazi, masharti nayo hayajadiliwi. Hakuna kikao ambacho mtu angenakili karatasi 2,870.

Upinzani wa namna hii haumlindi mama wa mashuka hata kidogo.

Wasiokuwepo ukumbini

Hata hivyo kuna jambo linalonikosesha raha kila ninapomtetea kaka.

"Kwanza turekebishe masharti, kisha tuongeze idadi." Nimeiandika sentensi hii mara nyingi katika rasimu za makala haya, na kila nikiisoma nasikia mlango ukigongwa upande wa pili. Kwanza ni lini? Nani ameweka tarehe? Mwaka 1964 wapinzani walishinda, na mamia ya maelfu ya wanaume wa Mexico hawakupata kazi huru badala ya ile ya mkataba. Walipata kutopata kazi. Wengine walivuka usiku bila karatasi yoyote, na aliyevuka hivyo hakuwa na nguvu zaidi mbele ya mkulima.

Katika ukumbi ule tulikuwemo wengi tuliohusika, isipokuwa mmoja. Mdogo wake kaka hakuwemo. Hana chama, hana kura, hana mkalimani. Anayo pasipoti iliyo kwa wakala, na ada ambayo baadhi yake amekopa. Kama ungempa achague kati ya kamba na kukosa, angechagua kamba, na nani wa kumwambia amekosea? Kaka mwenyewe aliichagua.

Na nimeona pia kinachotokea mlango ukifunguliwa kwa haraka bila kugusa kamba. Uingereza iliwafungulia wahudumu wa wazee Februari 2022, kwa kibali kilichofungwa kwa mwajiri mwenye leseni. Watu walilipa mawakala fedha za kutisha, wakafika wakakuta hakuna kazi au kuna saa chache. Leseni ya mwajiri ikifutwa, mfanyakazi alipewa siku 60 atafute mwingine au aondoke. Vyama vya wafanyakazi vililia kwamba kibali kifungwe kwa sekta nzima, si kwa mwajiri mmoja. Kufikia Julai 2025 serikali ilikuwa imeufunga mlango kwa wanaotoka nje, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa unyanyasaji wenyewe. Aliyeumizwa akawa sababu ya kumfungia anayemfuata.

Hilo ndilo linalonitia hofu katika mkono wa kaka. Ushahidi wake ni wa kweli, na mtu mwingine anaweza kuuchukua akautumia kufunga bila kurekebisha lolote.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza mwenyeji yupi anayepona. Katika chumba kile cha kufulia, aliyepona ni mwenye hoteli.

Swali nililolitafsiri

Wiki hizi nimekuwa nikiitazama tena karatasi ya hoja iliyogawiwa siku ile, ambayo niliitafsiri mimi mwenyewe usiku uliotangulia. Ina sentensi moja: je, wanachama wanaunga mkono kuongezwa kwa idadi ya vibali vya kazi? Ndiyo, hapana.

Niliitafsiri vizuri. Kila neno lipo mahali pake. Lakini swali la kaka halimo, na la mama wa mashuka halimo. Wawili hao walitaka jambo lilelile, kwamba mtu anayekuja aweze kumwacha mwajiri bila kuiacha nchi, na wakapewa nafasi ya kujibu jambo jingine. Wakajibu kwa mkono uliokuwepo.

Mimi ningeinua upi? Nimejiuliza kweli, bila kukwepa. Kama hoja ingekuwa na sehemu mbili, idadi na uhuru wa kuhama kazi, ningeunga mkono bila kusita na ningezunguka safu zote kumwomba kila mtu aunge. Kwa hoja ile ilivyokuwa, nadhani ningeunga mkono kuongezwa, kwa ajili ya yule asiyekuwemo, huku nikijua kwamba ninamwita aje kufungwa. Sijivunii jibu hilo. Na simlaumu kaka kwa la kwake. Yeye alikuwa anaongea kutoka ndani ya kamba, mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, na kibali changu kina jina langu tu.

Nimekiandikia chama. Nimewaomba kwamba safari nyingine hoja iandikwe na watu wa safu ya tatu kabla haijafika kwangu kutafsiriwa. Wamenijibu kwamba watalijadili.

Serikali iliongeza idadi mwishowe, kwa kiasi kidogo kuliko ilichopanga. Masharti hayakuguswa.

Juzi simu yangu ililia usiku. Kaka alikuwa amenitumia picha tatu, kurasa za mkataba wa mdogo wake, zimepigwa kwa haraka, ukurasa wa pili umekaa upande. Aliomba nimsomee. Nikamsomea saa za kazi, ujira, makato ya malazi, muda. Tulipofika ukurasa wa pili akanikatiza.

"Ule mstari upo?"

"Upo, kaka."

"Ni uleule?"

"Jina la mwajiri tu ndilo tofauti."

Alinyamaza kwa muda. Nilisikia maji ya bomba upande wake, na mtu akimwita.

"Haya," alisema. "Ngoja nimpigie, aanze kufunga mizigo."